Wanamapinduzi wa 1789 hawakuanza kwa kumng'oa mfalme

Mhariri,

Tukijadili kufutwa kwa falme zetu za Uganda mwaka 1967, wengi hutolea mfano Mapinduzi ya Ufaransa, wakidhani Wafaransa walitaka jamhuri tangu mwanzo. Si kweli. Mwaka 1789 walidai kodi ipitishwe na wawakilishi, makabaila nao walipe, na mtu asifungwe kwa barua ya mfalme tu. Hata baada ya mfalme wao, Louis XVI, kutoroka na kukamatwa katika mji wa Varennes Juni 1791, katiba ya Septemba ilimbakiza, ikampa kura ya turufu ya kuchelewesha sheria. Jamhuri ilikuja Septemba 1792, vita vikiendelea.

Wanaosahauliwa ni wakulima, na hilo linaniuma. Agosti 1789 walitangaziwa mwisho wa ukabaila, kumbe tozo nyingi za ardhi walitakiwa wazikomboe kwa fedha. Zilifutwa bila fidia Julai 1793.

Msomaji,
Kampala