Rangi zile ni viumbe hai

Boise, Idaho

Mama mpenzi, na nyote hapo Majengo,

Salamu nyingi. Tuko wazima, watoto wanasoma vizuri.

Juzi watu wa kanisa letu walitupeleka Yellowstone, mbuga kubwa iliyo na volkano chini yake. Lava haijatoka huko kwa miaka kama 70,000, lakini moto ungali unachemsha maji ya ardhini. Tukafika kwenye bwawa la Grand Prismatic, upana wake karibu mita 100. Mama, katikati ni buluu nzito, halafu kijani, manjano, chungwa, mpaka wekundu wa kutu ukingoni. Hata mvuke wake unaingia rangi! Nilisimama kwenye njia ya mbao nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Tate atasema ni salfa, kama ya volkano yetu ya Nyiragongo. Sivyo. Ni viumbe hai, vidogo hata jicho halivioni kimoja kimoja. Katikati joto ni kali mno, vile vya rangi haviwezi kukaa, kwa hiyo maji yanabaki maangavu na buluu. Kadiri maji yanavyosambaa na kupoa, kila kundi linashika sehemu inayolifaa. Wakati wa joto chungwa na wekundu vinazidi. Wakati wa baridi, kijani.

Mdogo wangu anayesomea maabara asikie hili. Miaka ya 1960, katika maji moto ya mbuga hiihii, Thomas Brock alipata bakteria aitwaye Thermus aquaticus. Kimeng'enya chake, yaani protini inayonakili DNA, hakiharibiwi na joto kali, na ndicho kilichorahisisha PCR, kipimo kinachochemsha na kunakili DNA mara nyingi hadi ugonjwa uonekane. Ebola ilipofika Goma mwaka 2019, watu walipimwa kwa PCR. Mnakumbuka tulivyokesha tukingoja majibu ya mama jirani, hadi tukaambiwa hana?

Sisi moto wa ardhi tumeujua kwa hasara tu: lava ya 2002 iliyochukua nyumba ya baba mkubwa, ile ya Mei 2021 iliyotukimbiza hadi Sake, mazuku, ile gesi ya sumu itokayo ardhini, inayoua mbuzi na watoto. Sikuwahi kufikiri kwamba moto kama huo unaweza pia kulea uhai, tena uhai uliokuja kutufaa sisi.

Mdogo wangu akipata njia ya kuvuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, afike maji moto ya Nyamyumba, atazame kama mawe ya ukingoni yana utando wa kijani au chungwa, anipigie foto. Asikaribie panapochemka.

Pesa ya minervali, karo ya shule, naituma Ijumaa.

Mtoto wenu