Utabiri wa vuli uchapwe wote, si kichwa chake tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu namna magazeti yetu, likiwemo hili ninaloliandikia, yanavyotufikishia utabiri wa mvua za vuli. Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za Oktoba hadi Desemba kwa mikoa inayopata misimu miwili ya mvua, na kesho yake sisi wa tambarare ya Handeni tunasoma kichwa cha habari chenye maneno matano au sita: vuli kuwa chini ya wastani, au mvua kubwa zaja, wakulima waonywa. Taarifa yenyewe huwa na kurasa kadhaa. Tunachopewa ni sentensi yake ya kwanza, ambayo kwa mtu mwenye jembe mkononi ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote.

Nianze na hilo neno "wastani", maana wengi wetu hulisikia kama ahadi. Katika lugha ya Mamlaka, mvua ya wastani ni ile inayoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu cha mahali husika. Tuseme kijiji fulani huzoea kupata milimita 300 katika miezi mitatu ya vuli: msimu wa milimita 225 utaitwa wa wastani, na wa milimita 375 nao utaitwa wa wastani, ilhali kwenye shamba la mahindi tofauti hiyo ni tofauti ya gunia na debe. Isitoshe, jumla ya msimu haisemi mvua ilinyesha vipi. Milimita 300 zikimwagika kwa siku nane, nyingi hukimbilia makorongoni na udongo wa juu ukienda nazo. Zikija kidogo kidogo kwa siku 30, hata shamba lisilotiwa samadi huzaa.

Haya sikuyajua kwa kusoma. Mwaka 2022, Bahari ya Pasifiki ikiwa katika hali ya La Nina (maji yake ya katikati kupoa kuliko kawaida, jambo ambalo mara nyingi hutupunguzia vuli) kwa mwaka wa tatu mfululizo, nilikuwa nimeshasikia kwamba mvua zingekuwa chache, nikajiambia kwamba dawa ya mvua chache ni kuziwahi. Mwishoni mwa Oktoba ikanyesha siku mbili. Kopo langu la kupimia, ambalo ni chupa ya maji iliyokatwa na kupigwa alama kwa rula, lilionyesha milimita 23, na asubuhi iliyofuata nilikuwa shambani na wanangu tunafukia mbegu. Likafuata jua la siku 17. Mahindi yalichomoza, yakatoa majani mawili, kisha yakajisokota kama tumbaku. Nilipofukua shimo moja kwa kidole nilikuta unyevu wa kina cha pingili mbili, na chini yake vumbi jekundu lilelile la Septemba. Mama mmoja jirani yangu, ambaye hanunui gazeti wala hana kopo, alikuwa amekataa kupanda mpaka udongo ulowe kina cha bapa la jembe. Yeye alivuna, japo si sana. Mimi nilinunua mbegu mara ya pili, na mbegu za dukani, kama ujuavyo, haziuzwi kwa huruma.

Ndiyo maana nasema kichwa cha habari hakitoshi. Taarifa kamili ya Mamlaka huwa inaeleza mvua zinatarajiwa kuanza wiki ipi ya mwezi upi, zitaisha lini, na kama kuna dalili za vipindi virefu vya ukavu katikati ya msimu. Hizo ndizo habari za kupandia. Mtu akijua kwamba mvua za mwanzo zina hatari ya kufuatwa na jua la wiki mbili tatu, ataziacha zipite, au ataweka mihogo na kunde kwenye sehemu ya shamba, au atatafuta mbegu ya mahindi ya muda mfupi kama Stuka badala ya ile inayomtaka asubiri miezi minne. Akiambiwa tu kwamba mvua ni chini ya wastani, hana la kufanya ila kuhuzunika.

Kuna na suala la mahali. Katika utabiri wa msimu, Tanga yetu huwekwa kundi moja na Pwani, Dar es Salaam, Unguja, Pemba na kaskazini mwa Morogoro, na magazeti huishia hapo. Lakini ndani ya mkoa huu huu, Amani iliyo juu ya Usambara Mashariki hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na huku kwetu hupata kama nusu yake tu. Mamlaka hutoa pia utabiri wa ngazi ya wilaya, ila sijawahi kuuona umechapwa. Ubashiri wa mechi za Jumamosi hupata ukurasa mzima, na siulalamikii, kwani mimi mwenyewe huusoma.

Wapo watakaosema kwamba utabiri wenyewe hukosea, hivyo hauna haja ya kupewa nafasi zaidi. Utabiri wa msimu ni kauli ya uwezekano, na uwezekano mdogo nao hutokea siku yake. Vuli, hata hivyo, ina nafuu kuliko masika, kwa sababu imefungamana zaidi na hali ya bahari. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huongezeka huku. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, vuli ilipoleta mafuriko hapa Handeni na kukata barabara. El Nino, ambayo ni kinyume cha La Nina, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, nayo ilituongezea maji mwaka 1997 na tena mwaka 2023. Wazee wetu walikuwa na chao, kundi la nyota liitwalo kilimia: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nao walikuwa wanakisia kwa kutazama mbali, ila kilimia hakibadiliki baada ya kutazamwa, na bahari hubadilika. Joto lililopimwa Agosti si lazima liwe lile la Novemba, na ndiyo sababu Mamlaka hutoa taarifa za mwezi na za siku kumi kuuhuisha utabiri wake. Hizo nazo magazetini hazionekani kabisa, kana kwamba habari ya vuli huzeeka siku ya pili.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo kwa gharama. Utabiri wa vuli ukitoka, chapeni jedwali la wilaya kama lilivyo, lenye wiki ya kuanza na ya kuisha kwa mvua, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anaweza kuzisoma bila kuomba miwani ya jirani. Kisha kila baada ya siku kumi, kuanzia Oktoba hadi Desemba, tengeni kona moja ya taarifa mpya. Jedwali hilo litoke kabla ya nusu ya Septemba, kwa kuwa baada ya hapo wengi huku tunakuwa tumeshanunua mbegu, na mwenye duka hairudishi.

Mkulima,
Kabuku, Handeni,
Tanga.