Elfu arobaini ya kuangalia bastola ya babu, na kwa nini usiipige msasa kabla hujaniita

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Masasi kanitumia meseji ndefu WhatsApp, eti nimemla elfu arobaini yake bure kumwambia bastola ya babu yake haifiki hata laki tatu wakati yeye kaona mtandaoni wazungu wanaziuza kwa dola. Siyo wa kwanza. Kila msimu wa korosho ukiisha na familia zikianza kukaa vikao vya mirathi hilo neno linanirudia, fundi katuibia, kwaiyo leo naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Tuelewane kwanza, mimi silaha sinunui na siuzi. Kazi yangu hapa Mtwara ni vitu vya zamani, saa za ukutani, cherehani za mkono, karabai, na kwa vile marehemu mzee wangu alikuwa fundi wa silaha nimezikuta nyumbani nikiwa mdogo. Msimamizi wa mirathi akitaka bei ya kuandika kwenye orodha ya mali ananiita, na siangalii dukani. Leseni ilikuwa ya marehemu, hairithiwi kama shamba la mikorosho, unatoa taarifa polisi, silaha inakaa ghalani kwao, mi nakuja kuikagua palepale mbele ya askari. Kuna mama alishuka na bajaji mlangoni kwangu, kaifunga kwenye kanga kaiweka chini ya ndoo ya dagaa, nikamwambia mama yangu tafadhali usiifungue, nikapiga simu kituoni mwenyewe. Askari alipokuja kuifungua zilikuwemo risasi mbili, na wajukuu walikuwa wanaichezea toka msibani.

Sasa hiyo elfu arobaini. Humo kuna nauli, kuna nusu siku ya kukaa kwenye benchi kumsubiri mwenye ufunguo wa ghala, na kuna karatasi yenye sahihi yangu. Kuangalia kwenyewe siyo kuishika na kusema "nzuri hii". Nasugua chaki taratibu juu ya chuma, napuliza, herufi zinabaki nyeupe ndani ya mikwaruzo, ndo naingia na lenzi ya saa. Nalinganisha namba ya kwenye bodi na ya kwenye silinda, kile kipipa kinachozunguka chenye matundu ya risasi, zikipishana ujue silinda imetoka kwenye bastola nyingine na bei imeshashuka. Namulika ndani ya mtutu kama mifereji bado ina makali au kutu imeshakula. Alafu natafuta weusi wa kiwandani umebaki wapi. Huo weusi ndo hela yenyewe, na ndo kitu cha kwanza mnachokitoa kwa mikono yenu.

Kaka wa Masasi aliniambia babu yake aliichukua kwa Mjerumani kwenye vita ya Mahiwa, Muingereza na Mjerumani, Oktoba 1917. Hadithi nzuri, mpaka wajomba inawatoa machozi. Lakini rivolva, yaani bastola ya silinda, ya jeshi la Mjerumani, ya 1879 au ya 1883, naijua, inakula risasi ya milimita 10.6, ina kilinda usalama ubavuni, na maganda unayasukuma kwa kijiti moja moja. Hii yake ilikuwa inakunjika katikati na kutema maganda yote kwa pamoja. Nikapaka chaki ubavu wa kulia, ikasoma ENFIELD, No 2 MK I*, chini yake 1941. Mjerumani wa 1917 na bastola ya Muingereza ya 1941 walikutania wapi? Mi nadhani imekuja na wazungu wa ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga Nachingwea, wa 1947, lakini kudhani siandiki kwenye ripoti. Nikamuuliza karatasi za babu ziko wapi, akasema kulikuwa na kopo la biskuti limejaa makaratasi, wamelichoma siku ya kufanya usafi. Hapo ndo nilikaa kimya kidogo. Kibali kimoja cha zamani chenye jina la babu kingekuwa na maana kuliko hadithi nzima ya Mahiwa.

Hayo yote ni madogo. Kabla ya kuja kwangu alishampelekea fundi wa kuchomelea, kwa sababu nyundo ya nyuma haina ile pembe ya kuvutia kwa kidole gumba, akajua imekatika. Haijakatika! Kuanzia 1938 Enfield walizitengeneza hivyo makusudi, kwa ajili ya wanajeshi wa vifaru, pembe isinase kwenye nguo na vitu vya mle ndani. Fundi kachomelea kipande cha nondo, moto umelegeza chuma cha nyundo, alafu ili "ifanane" kapiga msasa bodi nzima na kumalizia na Brasso. Inang'aa kama kijiko cha harusi. Namba imebaki nusu, mhuri wa mfalme umekuwa kama kidonda kilichopona. Alilipa elfu kumi na tano kwa kazi hiyo na hajawahi kumlalamikia yule fundi hata siku moja, analalamikia mimi niliyemwambia.

Wengine wanapaka mafuta ya maganda ya korosho wakidhani yanazuia kutu. Yanakauka kama vanishi, niliwahi kukuta silinda haizunguki kabisa, tulikaa nayo siku mbili kuilainisha. Na msiihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa hewa hii ya bahari ngozi inashika unyevu na kutu inachora umbo la mkoba kwenye chuma.

Dola za mtandaoni nazo. Niliangalia Webley Mk VI, rivolva ya Muingereza, ya familia moja ya Lindi, toleo la 1915, risasi ya inchi .455. Wenyewe walikuwa na picha ya mnada wa Marekani. Yao silinda ilikuwa imekatwa upande wa nyuma ili iingie risasi .45 za kawaida, zimefanyiwa hivyo nyingi, na wakusanyaji hawazitaki, tena risasi kali inaweza kuipasua. Alafu hapa kwetu mnunuzi lazima awe na kibali chake, kuitoa nje ni kibali kingine, na risasi hazipatikani. Kwaiyo bei ya Marekani ni ya Marekani.

Juzi kaka wa Masasi kapiga tena, sauti ya upole sasa, anauliza ile pembe ya nondo akikata na grenda yeye mwenyewe na kupaka rangi nyeusi ya dawa, bei itapanda? Nimemwambia aiache ilivyo, ghalani kwa askari, nakuja Jumanne. Nauli juu yake.