Idi ya Mfungo Tatu: salamu kwa aliyekwenda na mzigo wa kuuza

Assalaam aleikum ndugu, jamaa na marafiki, pamoja nanyi ambao hatusali pamoja lakini pilau la Idi tunalila pamoja. Kumi la Mfungo Tatu limetimia, takbira zinasikika, na mtaani kwetu mbuzi wamefungwa hata kwenye nguzo za umeme. Aliyejaaliwa kuchinja, Mungu amtakabalie. Ambaye mwaka huu mkono haukufika, nia yake Mungu anaijua, na bei ya mbuzi anaijua vilevile.

Kila msimu huu ukifika, mahujaji hata hawajarudi, maneno yameshaanza barazani. Fulani kaondoka na masanduku mawili matupu. Fulani mwaka juzi alirudi na misala, udi, tasbihi na kanzu za kutosha kufungulia duka, na duka kweli likafunguliwa. "Ile ilikuwa hija au soko?" Watu wanacheka, na anayecheka zaidi ndiye aliyechukua kanzu kwa mkopo na mpaka leo hajamaliza kulipa. Kwa kuwa leo ni sikukuu na watu hawagombani, nami nitie neno langu: mwacheni auze.

Swali lenyewe ni la kale. Zamani za ujahilia, Waarabu walikuwa na masoko yao jirani na Makka, Ukadh, Majanna na Dhul-Majaz, na masoko hayo yaliendana na miezi ya hija. Uislamu ulipokuja, waumini wakaingiwa na wasiwasi, wakaona kununua na kuuza wakati wa hija kutawatia dhambini. Ibn Abbas ameeleza kuwa hapo ndipo iliposhuka aya ya 198 ya Sura ya Al-Baqara, inayosema kuwa si vibaya kwao kutafuta fadhila za Mola wao. Tangu wakati huo aliyekwenda kuhiji na mzigo alikuwa na hoja yake mkononi, na kwa karne nyingi wengi waliitumia. Safari ilikuwa ya miezi au miaka, na bila kuuza kitu njiani wengi wasingefika, au wangefika wasirudi.

Walioifanya hija kuwa nzito walikuwa watu wengine kabisa, na habari zao ziko wazi kwa Ibn Jubayr, karani wa Granada huko Andalusi. Mwaka 1183 alipanda meli ya Wagenoa, Wakristo, zama zile ambapo Waislamu na watu wa Msalaba walikuwa wakipigania Palestina na Syria. Nauli ni nauli. Baadaye alipopita upande huo, mwenyewe alistaajabu kuona majeshi yanapigana huku misafara ya wafanyabiashara ikienda na kurudi kati ya Dameski na Akka, na hakuna anayeigusa.

Alipofika Iskandaria, watu wa forodha walipanda melini, wakaandika jina la kila abiria na alichobeba, kisha wakadai zaka bila kuuliza kama mali hiyo imetimiza mwaka. Wakashushwa, wakapekuliwa mpaka viunoni, wakalishwa kiapo kwamba hawakuficha kitu, na katika msukumano ule vitu vya watu vikapotea. Aliyewahi kutoa mzigo bandarini ataisoma sehemu hiyo huku anatikisa kichwa.

Kutoka hapo alipanda mto Nile hadi Qus, akakata jangwa kwenda bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu. Jangwani alipishana na misafara iliyobeba bidhaa za India, pilipili manga nyingi hadi ikawa kama mchanga. Aliona mizigo ya pilipili na mdalasini imeachwa kando ya njia bila mlinzi kwa sababu ngamia wamechoka, na ikakaa hivyo hivyo mpaka mwenyewe arudi kuichukua.

Mahujaji, kwa upande wao, walilindwa kidogo kuliko pilipili. Vyombo vya kuvukia kutoka Aydhab kwenda Jeddah vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, vikapakwa mafuta, ya papa yakiwa ndiyo bora, na matanga yake yalikuwa mikeka ya majani ya jamii ya mkoma. Mtu wa Lamu au Pate hana haja ya kuelezwa zaidi, ni ndugu wa mtepe huo. Wenye vyombo waliwapakia mahujaji mpaka wakakaliana, kama kuku tengani, anasema Ibn Jubayr. Tamaa ilikuwa kurudisha gharama ya chombo kizima kwa safari moja, na walikuwa na msemo wao: juu yetu mbao, juu ya mahujaji roho zao.

Kabla ya hapo, kila hujaji alikuwa akitozwa dinari 7 na nusu, fedha za amiri wa Makka. Asiyekuwa nazo aliteswa palepale Aydhab kwa namna ambazo siziandiki siku ya Idi. Salahuddin al-Ayyubi, aliyekuwa akitawala Misri, akaifuta kodi hiyo na kumfidia amiri kwa dinari 2,000 na irdabu (kipimo cha nafaka cha Misri) 2,000 za ngano. Vizuri sana, ila fidia ilichelewa. Ibn Jubayr na wenzake walipotia mguu Jeddah wakazuiwa, wakaambiwa wadhaminiane wao kwa wao mpaka fedha na ngano za Salahuddin zifike. Zisipofika, amiri hatasamehe haki yake. Wakubwa wawili wanadaiana, na rehani ni mtu aliyevaa ihramu.

Sasa mlinganishe amiri huyo na wafanyabiashara ambao Ibn Jubayr huyohuyo aliwakuta Makka, Wayemeni wa milima ya Saru. Walikuja kufanya umra wakiwa na ngano, kunde, samli, asali, zabibu na lozi, na mji mzima ukaishi kwa vyakula vyao. Dinari na dirhamu hawakuzitaka, walibadilishana kwa nguo na mashuka. Kwao iliaminika kuwa mwaka ambao hawakupeleka chakula Makka, ardhi yao hukauka na mifugo yao hufa, hivyo mwanamume akijivutavuta wanawake walimtoa nyumbani kwa nguvu. Sala zao, anasema, zilikuwa za vurugu, wanasujudu kama wanaodonoa, lakini imani yao hakuitilia shaka. Hao ndio ningependa wakae kwenye baraza letu na kuulizwa kama walikwenda kuhiji au kuuza.

Kwa mtu wa mwambao wetu, safari ilikuwa na ugumu wake wa ziada. Hija hufuata mwezi, na mwaka wa mwezi huwa mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11. Jahazi hufuata upepo: kwa kusi linakwenda Arabuni, kwa kaskazi linarudi. Ndiyo maana manahodha wa Kiswahili walikuwa na hesabu yao ya pili iliyoanzia Nairuzi, siku ya mwaka, wakihesabu kwa miongo, kumi kumi, ili wajue lini waondoke, kwa kuwa Mfungo Tatu huzunguka misimu yote na upepo hauungoji. Mwaka mwingine kusi ilimfikisha hujaji Aden mapema mno, mwaka mwingine ilimfikisha hija imekwisha. Akae, angoje. Na anayengoja miezi katika mji wa watu lazima ale, lazima apange chumba, na akifungua robota lake akauza pembe mbili tatu hakuna wa kumlaumu. Aden yenyewe ilijua kuishi kwa hesabu hizo. Karne ya 13 al-Ashraf Umar, mwana wa ukoo wa Rasuli ambaye baadaye alikuwa sultani wa Yemen, aliandika kalenda ya mwaka yenye nyakati za mavuno, za kodi, na za kuondoka na kufika kwa vyombo.

Mmoja wa waliongoja alikuwa kijana wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman. Tarikhi ya Kilwa inasema aliondoka na umri wa miaka 14, akakaa Aden miaka miwili akisoma, kisha akahiji. Akaja kuwa sultani wakati dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, inapita mikononi mwa Kilwa. Magofu ya Husuni Kubwa yenye vyumba zaidi ya 100, birika lake la pembe nane, na sarafu ya shaba yenye jina lake iliyookotwa mbali kule Great Zimbabwe vinaonyesha mali hiyo ilikuwa kiasi gani. Msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu, watu wakimwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa.

Siku moja, Ibn Battuta anasimulia, sultani anatoka sala ya Ijumaa, akasimamishwa na fakiri kutoka Yemen.

"Nataka nguo hizo ulizovaa."

"Utazipata."

"Sasa hivi."

"Ndiyo, sasa hivi."

Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo, akamwita fakiri azichukue. Fakiri akazifunga kitambaani, akajitwisha kichwani, akaenda zake. Mji ukasifu. Mwana wa sultani akazikomboa nguo za baba yake kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia sifa zinavyozidi, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hadithi hii husimuliwa kama mfano wa ukarimu, na ukarimu upo, mtu kuvua kanzu yake hadharani si jambo dogo. Lakini mimi huhesabu. Ishirini. Ibn Battuta hataji jina hata la mmoja, wala walikotoka, japo anaeleza kuwa sultani alikuwa akipigana mara kwa mara na makafiri wa bara na kuchukua ngawira. Nguo zilikuwa za sultani, hao ishirini hawakuwa chake cha kutoa sadaka, ingawa sheria ya zama zile ingenikatalia. Tukiisifu Kilwa, na tuisifu, tusiwaruke. (Ndugu yake Daud alipotawala baada yake, waombaji waliambiwa kuwa aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni wakapungua.)

Miaka michache kabla ya Ibn Battuta kufika Kilwa, mwaka 1324, Mansa Musa, mfalme wa Mali ya Afrika Magharibi, alipita Kairo akienda kuhiji, na dhahabu yake hakuna asiyeijua. Kinachonifurahisha mimi ni wachuuzi wa Kairo. Mwandishi al-Umari, aliyeuliza habari hizo miaka kama 12 baadaye, anasema waliwauzia Wamali kwa dinari 5 vazi lisilozidi dinari moja. Mithkali ya dhahabu, yaani uzito wa dinari moja, iliyokuwa haishuki chini ya dirhamu 25, ikaporomoka hadi 22 na chini yake, na mpaka al-Umari anaandika ilikuwa haijapanda. Mansa mwenyewe wakati wa kurudi alikuwa ameishiwa, akakopa kwa wafanyabiashara walewale kwa faida kubwa. Kwa hiyo hapana, simtetei kila mwenye duka.

Wafalme nao walikuwa na hija yao ndani ya hija. Wamamluki, watawala wa Misri, walipeleka mahmal kila mwaka, kiriri cha fahari juu ya ngamia, mtu akiuliza kinabeba nini aambiwe kinabeba heshima ya sultani. Kuivisha Kaaba kulikuwa kugombea ukubwa. Mwaka 1351 sultani wa Yemen, al-Mujahid Ali, alikamatwa na Wamisri hukohuko hijani akapelekwa Kairo. Karne iliyofuata Sultani Barsbay akaishika forodha ya Jeddah, kisha akaifanya pilipili kuwa biashara yake peke yake, na wafanyabiashara wa kundi lililoitwa Karimi, waliokuwa wameijaza Bahari ya Shamu mali kwa karne mbili na zaidi, wakavunjika. Na Wareno walipokuja wakaipiga Kilwa mwaka 1505, na wakawa wakiwauzia wenye majahazi barua za kuwaruhusu kusafiri katika bahari ambayo babu zao waliipita kwa kutazama nyota.

Leo mbao na dinari 7 na nusu zimekwisha, ndege ni ya saa chache. Ila mtaani kwetu kuna mama aliyeuza vitumbua miaka na miaka, akakamilisha fedha za hija, akampa wakala mmoja mwenye ofisi nzuri na kalenda ya Kaaba ukutani. Viza haikutoka, simu haipokelewi, na mama mwaka huu anachambua mchele wa pilau nyumbani kwake kama sisi wote. Huyo wakala hakuna aliyemcheka barazani. Nimeona niliseme.

Basi mkono wa Idi kwa watoto wote, na chenji mkae nazo tayari, maana wanajua kuhesabu. Kwa wenzetu wa Muscat, Dubai, London na Toronto, tumewawekea fungu, jirani atalila. Kwa mama wa vitumbua, Mungu amfungulie njia nyingine, na fedha yake irudi. Na wewe uliye Mina saa hii, mwenye kanzu kumi na mbili za kuuza chini ya sanduku, hija yako iwe yenye kukubaliwa, forodha wakupitishe salama, na kanzu zitoke zote. Mimi niwekee moja, inchi 58, ya mikono mirefu. Nitalipa taslimu.