Chuo cha kanisa kilichofuta madeni

Mhariri, kwenye kurasa zenu za elimu kila siku ni Harvard, Harvard, yaani kama Marekani hakuna chuo kingine. Naomba niwatajie Wilberforce kule Ohio, kilianza 1856, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikakifilisi kikafungwa, halafu 1863 Askofu Daniel Payne wa kanisa la AME, kanisa la watu weusi wenyewe, akakinunua kwa dola 10,000 na wakati anakubali bei hiyo mfukoni hana kitu. 1865 jengo kubwa likachomwa moto, usiku uleule Rais Lincoln wa Marekani alipopigwa risasi. Wakajenga tena. 1974 kimbunga nacho kikapita, wakajenga tena.

Na Waafrika tumo humo. Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini alienda kule na kwaya, ziara ikavunjika wakakwama ugenini, kanisa likamsomesha Wilberforce na Du Bois, yule msomi mweusi maarufu wa Marekani, alikuwa mmoja wa walimu wake. Banda, rais wa kwanza wa Malawi, naye alipita pale kwa masomo ya sekondari.

Ila kilichonigusa zaidi ni mahafali ya 2021, vijana wamevaa majoho wametulia, mara mkuu wa chuo anawaambia deni mnalodaiwa na chuo limefutwa, jumla zaidi ya dola 375,000, weee, kelele zilizopigwa hapo! Mwanangu mimi cheti chake kimelala kwenye kabati la chuo mwaka wa tatu huu sababu ya ada, chuo sikitaji, ila nacho ni cha kanisa.

Mzazi,
Morogoro