Lori lisilo na dereva, nani ataliwekea majani?

Ndugu Mhariri,

Tangu habari za malori yanayojiendesha zifike kwenye simu za watu, vijana wanaosomea udereva wa magari makubwa Arusha na Moshi wanaulizwa ada hiyo wanaitupa ya nini. Swali ni la haki, ila linajibiwa na watu ambao hawajawahi kuinama chini ya trela.

Kilichopo ni hiki. Mei 2025 kampuni ya Aurora ilitangaza kuwa imeanza kusafirisha mizigo ya wateja bila mtu kwenye usukani kati ya Dallas na Houston huko Texas, umbali wa kama kilomita 385. Ilianza mchana tu, hali ya hewa ikiwa nzuri, kwenye barabara kuu ambayo magari yanayokwenda na yanayorudi hayakutani uso kwa uso. Haukupita hata mwezi, PACCAR waliotengeneza kichwa cha lori wakaomba mtu arudishwe kwenye kiti cha dereva, kwa kuwa baadhi ya vipuri vilikuwa bado vya majaribio. Waymo, kampuni nyingine ya magari yanayojiendesha, walikuwa wameshaweka malori kando mwaka 2023. Yaliyofanikiwa kweli ni magari ya migodini: ya kampuni ya Komatsu yanajiendesha tangu 2008. Mgodini hakuna bodaboda.

Sasa tuje kwetu. Barabara ya njia nne kutoka Sakina inaishia Tengeru. Kuanzia hapo kwenda Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe hadi Moshi ni njia moja kwenda na moja kurudi, na watu wake wana lugha yao. Dereva wa mbele akiwasha indiketa ya kulia anakwambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Usiku anayekuja mbele yako huwasha ya kulia kukuonyesha ubavu wake unaishia wapi. Kompyuta iliyofundishwa Texas itasoma ishara hizo zote kuwa gari linataka kukata kona. Na matawi ya majani yaliyotandazwa lamini? Kwetu maana yake lori limekufa mbele, punguza mwendo. Kamera na rada zitaona takataka.

Majani hayo yana upande wa pili. Lori likiharibika, mtu lazima ashuke ayaweke, au aweke pembetatu. Marekani sheria inataka alama za tahadhari ziwe barabarani ndani ya dakika 10, na mwaka 2025 Aurora ilifika hadi mahakamani na serikali juu ya suala hilo, maana lori lisilo na mtu halina wa kuziweka.

Halafu kuna breki. Kwa kilomita 80 kwa saa lori linakula mita 22 kila sekunde. Kompyuta hujibu haraka kuliko binadamu na haisinzii, hilo hatubishi. Lakini hesabu yake ya kusimama inategemea breki zilizorekebishwa. Chemba ya kawaida ya namba 30, yaani kopo la upepo linalosukuma fimbo ya breki, fimbo yake ikitoka zaidi ya milimita 51, breki ya gurudumu hilo imevuka kikomo na nguvu yake inashuka. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kikafu dramu hupata joto, hutanuka, na fimbo huzidi kutoka. Geji itaonyesha upepo umejaa na breki haipo. Ndiyo maana malori yanayojiendesha hujengwa kiwandani yakiwa na mifumo miwili ya breki na miwili ya usukani, mmoja ukifa mwingine unashika. Kufunga kompyuta juu ya Scania au Howo iliyonunuliwa ikiwa imechoka ni kumpa kipofu miwani.

Tena kushika usukani ni sehemu tu ya kazi. Kwenye mizani ya Himo uzito wote unaweza kuwa chini ya tani 56 na bado ukakwama, kwa sababu saruji imesogea mbele na ekseli mbili za nyuma za kichwa zimevuka tani 18. Hapo turubai linafunguliwa na mifuko inahamishwa. Mpakani Holili kuna nyaraka za forodha na lakiri ya kukaguliwa. Tairi la ndani kwenye jozi likiisha upepo, la nje linabeba mzigo wa mawili, linachemka, linapasuka. Utingo analigundua kwa kuligonga.

Ila hili la tairi kifaa kinaweza, na hapo ndipo wenye malori wangepaswa kuweka fedha zao: vipima upepo wa tairi, kamera inayomwamsha dereva akisinzia, breki ya dharura inayojifunga yenyewe. Vinauzwa leo na havihitaji ramani ya Texas. Vyuo vya ufundi navyo vifundishe kusoma makosa ya kompyuta ya gari, maana sasa mafundi wengi wakiona taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki, inawaka wanachomoa balbu.

Anayetaka kujaribu lori lisilo na dereva hapa aanze ndani ya uzio: migodini, au kwenye yadi ya kontena. Kwenye barabara ya Moshi, siku ya gulio la Tengeru, bado tunahitaji mtu anayejua mama mwenye tenga la ndizi kichwani anakaribia kuvuka kabla hajageuza shingo.

Fundi wa malori,
Majengo, Moshi