Diwani aseme anavyotaka, ila kura ya fremu zake asipige

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, nikizidisha utakata mwenyewe. Mimi ni mama wa genge, nauza nyanya, vitunguu, dagaa na mkaa wa kupima kwa kopo, mwaka wa tisa sasa nipo palepale jirani na kituo cha daladala. Mji na kata sitaji kwa sababu kesho bado nataka kuuza nyanya.

Ishu ilianza na rangi. Jumatatu alfajiri nafika na tenga langu nakuta X nyekundu kwenye mlango wa kibanda changu, kwa fundi viatu ipo, kwa dada wa saluni ipo, kwa mama lishe wote wawili ipo, vibanda 14 mstari mzima, na rangi ilikuwa mbichi maana ilinichafua kanga na mpaka leo haijatoka. Chini yake wameandika siku 14. Hakuna barua, hakuna mtu wa kumuuliza. Tukaenda kwa mtendaji, akatuambia kwenye mchoro wa mipango miji lile eneo ni makazi, biashara hairuhusiwi, mengine mkamuulize diwani wenu.

Tukampigia diwani, na hapa ndipo kilichonifanya nishike kalamu. Huyu baba sio mtu mbaya, nisimsingizie, mume wangu alipofariki alikaa na sisi mkekani mpaka tunaanua tanga. Akapokea simu, akaanza kuongea taratibu kama mtu ambaye kuna watu pembeni wanamsikiliza, akasema mama hilo lilipita kwenye kamati, mimi siruhusiwi kulisema nje. Nikamwambia baba mimi sikuulizi siri ya mtu, nakuuliza wewe ulisemaje. Kimya. Halafu akasema msimamo ni mmoja mama yangu, nielewe. Nikabaki naangalia simu.

Yaani tumemchagua mtu akatusemee, amefika kule ameambiwa asiseme, na akirudi kwetu pia haruhusiwi kusema, sasa anasema wapi? Nyumbani kwa mkewe?

Nikajaribu kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, lile la matangazo ya usafi na misiba, wapo humo viongozi wote. Nikaandika swali moja tu la heshima, jamani nani anaweza kutueleza kikao kilichopitisha vibanda kuondolewa kilikaa lini na kiliamua nini. Nikaweka simu chini nikapimia mteja mkaa, kurudi nakuta nimetolewa. Hakuna aliyenijibu hata kwa tusi.

Wiki hiyohiyo ndio tukasikia lile jingine. Nyuma ya mstari wetu kuna kiwanja kilikuwa na nyumba ya zamani na mwembe mmoja. Nyumba imevunjwa, mwembe umekatwa, na sasa zinapanda fremu za maduka, nimezihesabu milango 12, na aliyeniambia ni fundi anayemwaga jamvi palepale kwamba matumizi ya kiwanja yalishabadilishwa, kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Mtaa uleule Mhariri, mchoro uleule, mimi ni makazi mwenzangu ni biashara, katikati yetu kuna mtaro tu. Watu wanasema zile fremu ni za shemeji wa mmoja wa waheshimiwa waliokaa kwenye kamati. Mimi sijui. Inawezekana ni uongo kabisa, mtaani kwetu mtu akinunua bati mbili anaambiwa kaiba. Ila lilitakiwa liulizwe kikaoni na huyo mheshimiwa ajibu akiwa amesimama, na anayebadili matumizi ya kiwanja anatakiwa atoe tangazo majirani walione wapeleke pingamizi kama wanalo. Mimi ni jirani wa mita nane na sikuona hata karatasi ya daftari imebandikwa.

Sasa kuna mheshimiwa mwingine ambaye yeye kunyamaza hawezi. Huyo kwenye mkutano wa hadhara, kabla hata kamati haijakaa, alishika maiki akasema hawa wa vibanda mimi nitawaondoa wote, wanatuletea kipindupindu. Wenzangu waliwaka, wakataka tuandike barua afungiwe kuongea mikutanoni. Mimi nikakataa na nimekataa mpaka leo. Muacheni aongee. Huyo ndiye pekee ambaye najua anawaza nini, na kwa sababu nilimsikia nilipata pa kujibia, kesho yake nikanunua ndoo ya bomba na sabuni nikaiweka mbele ya genge, mama lishe nao wakaweka, tukamwita bwana afya akaja akakagua akaandika. Huyu anayeniita mama yangu halafu anasema msimamo ni mmoja nitamjibu nini?

Siku hizi usiku nasoma katiba yetu ya Tanzania kwenye simu, uzee huu. Ibara ya 18 inasema kila mtu ana uhuru wa maoni, diwani naye ni mtu. Ila ukienda ibara ya 100 ndio unaona tofauti, inalinda majadiliano bungeni, mbunge anachosema mle ndani hashitakiwi nacho, na diwani hatajwi kabisa. Wenzetu Kenya mwaka 2017 walitunga sheria ya madaraka na kinga za mabunge ya kaunti, kwahiyo MCA wao, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, akisimama mle ndani kusema wenye kiosk wanaonewa, ana pa kuegemea. Wa kwetu anaegemea hisani ya chama chake, na hisani hiyo ndio inamfanya aongee kwenye simu kwa kunong'ona. Halafu ibara ya 146 inasema kabisa serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kupeleka. Haya, yamefika wapi?

Sio kwamba nataka diwani aropoke kila kitu. Mtumishi anayejadiliwa nidhamu asitangazwe sokoni, bei za waombaji wa tenda zisitoke kabla bahasha hazijafunguliwa, hilo nalielewa vizuri. Lakini kiwanja gani kiwe cha duka na kipi kiwe cha kulala watu ni siri ya nani? Mchoro wenyewe watu walitakiwa waubandike ukutani tuuone.

Mwanangu yupo chuo anasoma sheria, nilipomsimulia akacheka akanionyesha kesi moja ya Marekani inafanana na yetu mpaka nikashangaa. Mji unaitwa Sparks, jimbo la Nevada. Mwaka 2005 kampuni ilikuwa inaomba kibali cha kujenga hoteli yenye kasino, ombi likaenda kwenye baraza la mji, na mjumbe mmoja wa baraza, Michael Carrigan, meneja wake wa kampeni ndiye alikuwa mshauri wa kampuni hiyohiyo. Yule bwana alifanya kitu ambacho huku kwetu sijawahi kukiona, alisimama akatangaza kwamba jamani huyu ni rafiki yangu na ni meneja wangu. Mwanasheria wa mji alikuwa ameshamwambia akitangaza inatosha, basi akapiga kura ya ndiyo. Tume ya maadili ya jimbo ikamkaripia, faini hawakumpiga. Yeye akaenda mahakamani, hoja yake ni kwamba kura yangu ni maoni yangu na maoni yangu yanalindwa na katiba. Ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, mwaka 2011 majaji wote tisa wakamkatalia. Wakasema nguvu ya ile kura sio mali ya mjumbe, ni ya wananchi, yeye amekabidhiwa tu.

Nikamwambia mwanangu hilo mbona hata mimi nalijua. Mimi ndio mweka hazina wa kikoba chetu, wanawake 25, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu. Mwenzetu akiomba mkopo anajieleza anavyotaka, anaweza kulia, anaweza kutukumbusha mpaka harusi ya mwanawe, hatumkatazi. Ikifika kupitisha anatoka nje anakaa na watoto. Na kanuni za maadili ya madiwani nazo zinataka mtu atangaze maslahi yake, sio kwamba hazipo. Tatizo kikao kikiwa cha ndani na kila mtu msimamo ni mmoja, nani wa kumwambia mheshimiwa samahani naomba utoke kidogo?

Niseme na la upande wetu maana nisije nikaonekana tunaonewa tu. Vibanda vinne vya mwanzo vimekaa juu ya mtaro, na kila masika maji yanaingia kwa bibi mmoja wa nyumba ya kona, mwaka jana magodoro yake yalianikwa barabarani siku tatu. Huyo bibi ana haki zote. Angeletwa kwenye mkutano akaongea mbele yetu, wale wanne wangesogea wenyewe, mmoja alishakubali. Na barabara ile ni nyembamba, gari la wagonjwa likikutana na bajaji ni mzozo. Kwahiyo mipango miji sio adui yangu, watu waliosoma wanajua mambo, nilichokataa ni mimi kuamuliwa na watu ambao wamekatazwa kuniambia waliamuaje.

Na tumeshazoea kuahidiwa kwa maiki tukaondolewa kwa karatasi. Mwishoni mwa 2018 vilikuja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 20,000 kimoja, nilinunua nikakitia kwenye plastiki nikakining'iniza juu ya mizani, tukaambiwa sasa hakuna wa kutubughudhi. Oktoba 2021 Dar wenzetu wakaondolewa barabarani, Kariakoo na kwingine, wapo waliopelekwa kwenye masoko ambayo mteja hapiti. Kitambulisho changu bado kipo, picha imefifia, wajukuu wanaulizaga huyu nani.

Siku 14 zilishapita, greda halijaja, mgambo walikuja mara moja wakanywa chai kwa mama lishe wakaondoka, na hii ndio inachosha kuliko hata kubomolewa, sijui nijaze mzigo au nisijaze. Wiki iliyopita nimenunua nusu tenga ya nyanya badala ya mawili.

Kikao cha baraza la madiwani kinakaa kila baada ya miezi mitatu na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kinachofuata ni mwezi ujao. Sisi wa vibanda tumekubaliana kufunga siku hiyo kuanzia saa mbili, tutakaa viti vya nyuma, hatutapiga kelele, mwanangu ameniambia hata makofi hayaruhusiwi. Tumemwandikia diwani wetu maswali mawili kwenye karatasi, tumempelekea nyumbani kwake kwa mkono: kiwanja cha fremu kilibadilishwa lini, na nani alitoka nje wakati kinapitishwa. Amepokea. Hajasema kama atauliza au hatauliza.

Mhariri, ukiwa na mwandishi aliye karibu mtume aje, nitamwekea kiti.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa genge
(jina na namba ya simu nimekuachia wewe, naomba usivitoe)